Desemba ya Senghor: Askari, Rais na Mshairi

Mwezi wa Desemba uliandamana na marehemu Léopold Sédar Senghor wa Senegal kwa namna ya ajabu. Tarehe 1 Desemba 1944 askari wenzake waliuawa Thiaroye, nje kidogo ya mji wa Dakar, naye akawatungia shairi. Desemba 1962 rafiki yake na mkuu wa serikali yake, Mamadou Dia, alikamatwa na kutiwa ndani. Tarehe 31 Desemba 1980 aliuacha urais kwa hiari yake. Na tarehe 20 Desemba 2001 alifariki dunia huko Verson, katika jimbo la Normandy nchini Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 95. Katika safu yetu ya leo tunapenda kumkumbuka mzee huyo. Wa kumpamba wapo wengi, na wa kumshitaki nao si haba. Sisi tunataka kuuliza jambo moja tu: aliwafanyia nini wale aliowaandikia wakati alipokuwa hana kitu mkononi isipokuwa kalamu?

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1906 huko Joal, mji mdogo wa pwani ulio kusini ya Dakar, katika kabila la Waserer. Baba yake, Basile Diogoye Senghor, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Kwa upande wa mama, Gnilane Bakhoum, walikuwako wachungaji, na mjomba wake Toko Waly ndiye aliyempitisha malishoni na kumfundisha majina ya nyota na hadithi za wahenga. Mapadri walimchukua akiwa mdogo, wakamsomesha Ngasobil na kisha Dakar. Alitaka kuwa padri, lakini mkuu wa seminari akamwambia hafai, kwa sababu kijana huyo hakukubali kuambiwa kwamba wazee wake walikuwa washenzi. Mwaka 1928 akapelekwa Paris kwa masomo. Huko alisoma pamoja na Georges Pompidou, ambaye miaka 40 baadaye akawa Rais wa Ufaransa. Huko alikutana na Aimé Césaire wa Martinique na Léon Damas wa Guyana ya Kifaransa, wakaanzisha pamoja mawazo yale yaliyokuja kuitwa Negritudi, yaani kujivunia weusi na utamaduni wake. Mwaka 1935 alifaulu mtihani mkubwa wa ualimu wa sarufi uitwao agrégation, Mwafrika wa kwanza kuufaulu, akawa mwalimu wa watoto wa Kifaransa katika mji wa Tours.

Mwana wa Waserer akiwafundisha Wafaransa sarufi ya lugha yao! Jambo hilo limesimuliwa mara nyingi kama mzaha wa historia. Lakini Senghor mwenyewe hakuchoka kusema kwamba walimu wake wa kwanza wa ushairi hawakuwa wa Paris. Alimtaja kwa heshima bibi mmoja wa kwao, Marône Ndiaye, mtunzi wa nyimbo walizoimbiwa vijana wa mieleka. Sisi ambao tumekulia katika nchi zenye malenga na manju wa ngoma hatuna haja ya kuelezwa zaidi: mtu hujifunza mizani uwanjani kabla ya kuifahamu darasani.

Vita vilipozuka mwaka 1939 mwalimu huyo aliitwa jeshini. Elimu yake haikumpa cheo chochote. Aliingia kama askari wa kawaida katika kikosi cha wakoloni, pamoja na wakulima na wavuvi kutoka Afrika Magharibi waliojulikana wote kwa jina moja la tirailleurs wa Senegal, hata kama mtu alitoka Guinea au Dahomey. Jeshi hilo lilikuwa limeundwa na Wafaransa tangu mwaka 1857. Tarehe 20 Juni 1940, Ufaransa ikiwa imekwisha kushindwa, Senghor alitekwa na Wajerumani katika mji wa La Charité-sur-Loire. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, Wajerumani waliwatenga askari weusi, wakawapanga ukutani tayari kuwapiga risasi. Afisa mmoja Mfaransa akaingilia kati na kuwasihi, nao wakaacha. Wenziwe wengi hawakupata bahati hiyo. Siku hizo hizo, huko Chasselay karibu na mji wa Lyon, askari Waafrika waliokuwa wamekwisha kuweka silaha chini waliuawa kwa makumi. Makaburi yao yapo hadi leo, yamezungushiwa ukuta mwekundu kwa mtindo wa ngome za Afrika Magharibi.

Alikaa kifungoni karibu miaka miwili. Watawala wa Kinazi hawakutaka wafungwa weusi wakanyage ardhi ya Ujerumani, kwa hiyo waliwaweka katika kambi zilizokuwa ndani ya Ufaransa yenyewe, ya kwake ikiwa Poitiers. Palikuwa na baridi, njaa na chawa. Mwaka 2010 mtafiti mmoja alikuta katika nyaraka za serikali ya Ufaransa taarifa aliyoiandika Senghor baada ya kuachiwa, akieleza chakula, kazi na tabia za walinzi. Ni maandishi makavu, ya mtu anayetoa ushahidi. Hakuna Negritudi ndani yake. Mna uzito wa mkate na idadi ya mablanketi, na kwetu sisi taarifa ya namna hiyo ina thamani yake.

Lakini alikuwa akiandika pia kitu kingine. Usiku, wafungwa walipokusanyika kusimulia ngano na kuimba, mwalimu huyo alisikiliza, akatunga. Inasimuliwa kwamba mlinzi mmoja, Mwaustria, ndiye aliyezichukua karatasi hizo kwa siri na kuzifikisha kwa Pompidou mjini Paris. Akiwa humo humo kambini alijifunza Kijerumani mpaka akaweza kumsoma Goethe katika lugha yake, lugha ya watu waliomfunga. Mwanzoni mwa mwaka 1942 aliachiwa kwa sababu ya ugonjwa. Mashairi ya kambini yalitoka kitabuni mwaka 1948 kwa jina la Hosties noires. Wakristo wetu wa Kikatoliki watalielewa jina hilo upesi kuliko wengine: hostia nyeusi, mkate wa altare na tena sadaka iliyochinjwa. Wakati huo kuta za miji ya Ufaransa zilijaa tangazo la kinywaji kimoja cha kakao, lenye picha ya askari Mwafrika anayecheka meno nje. Kitabu cha Senghor kilikuwa jibu kwa picha ile. Aliahidi humo kwamba askari hao, waliokufa bila majina na bila washairi wa kuwaombolezea, watapata wa kuwasemea, naye atakuwa ni ndugu yao.

Hapo ndipo neno la Thiaroye linapoingia. Mwishoni mwa Novemba 1944 askari zaidi ya 1,200 waliokuwa wafungwa wa Wajerumani walirudishwa kwa meli hadi Dakar, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye kungoja kupelekwa makwao. Walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara yao ya miaka ya kifungoni, na haki ya kubadilishiwa fedha zao kwa kiwango cha haki. Walikataa kuondoka kabla ya kulipwa. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba kambi ilizingirwa na majeshi ya Ufaransa, yakiwa na magari ya deraya, wakapigwa risasi. Wakubwa wa jeshi walitangaza kwamba waliokufa ni 35. Wanahistoria wengi hawaikubali hesabu hiyo na wanasema waliouawa ni wengi zaidi, pengine mamia. Wengine 34 walipelekwa mahakamani mwaka 1945 wakafungwa, mhalifu akiwa ndiye aliyedai mshahara wake.

Senghor alikuwa Paris. Angeweza kuwa mmoja wao. Kambi zilikuwa moja, njaa moja, na deni moja. Mwezi huo huo aliandika shairi juu yao, akiiuliza Ufaransa kama imesahau ni nani waliomwaga damu kwa ajili yake. Na alipochaguliwa mbunge mwaka uliofuata alidai waliofungwa wasamehewe, wakaachiwa mwaka 1947. Kwa hayo tunampa haki yake yote.

Tunapenda kutaja hapa, kwa faida ya wasomaji wetu vijana, kwamba katika miaka hiyo hiyo karani mmoja wa serikali katika Tanganyika, Shaaban Robert, naye alikuwa akitunga juu ya vita hivyo hivyo utenzi wake mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Hawakujuana. Mmoja alivitazama vita kutoka ndani ya seng’enge, mwingine kutoka mezani pake baada ya saa za kazi. Mmoja aliandika kwa lugha ambayo mama yake asingeweza kuisoma. Mwingine kwa lugha ambayo askari wa Keya aliyerudi kutoka Burma angeweza kuimbiwa barazani na akaifahamu. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Senghor alipoulizwa kwa nini aliandika Kifaransa alijibu kwamba aliwaandikia watu wa dunia pamoja na watu wake. Ni jibu la kweli, lakini limewaacha watu wake wengi nje ya mlango, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Katika siasa Senghor alianza vizuri kuliko wengi wanavyokumbuka. Wenye haki za uraia zamani walikuwa wakazi wa miji minne tu. Wakulima wa karanga wa bara walihesabiwa kuwa raiya wa kutawaliwa. Mwaka 1948 alijitenga na chama cha wakubwa wa mjini, akaunda chama chake pamoja na Mamadou Dia, wakaenda vijijini kwa wakulima na kwa mashehe wa tarika. Mkatoliki huyo, katika nchi ambayo watu wake wengi sana ni Waislamu, aliungwa mkono na viongozi wa Murid, na kwa miaka 20 ya urais wake dini haikuwa sababu ya watu kuchinjana. Alipinga kwa nguvu kukatwakatwa kwa Afrika Magharibi katika vinchi vidogo. Shirikisho lake na Sudan ya Kifaransa, lililoitwa Mali, lilipata uhuru tarehe 20 Juni 1960 na kuvunjika tarehe 20 Agosti ya mwaka huo huo, yaani lilidumu miezi miwili. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikuwa akisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika kama kufanya hivyo kungeleta shirikisho la Afrika Mashariki. Wote wawili walikuwa walimu, wote Wakatoliki, na wote hawakufanikiwa.

Uhuru ulipokwisha kupatikana, Senghor akawa Rais na Dia mkuu wa serikali. Dia alitaka wakulima wajiunge katika vyama vya ushirika na biashara ya karanga itoke mikononi mwa makampuni ya Kifaransa. Desemba 1962 wabunge walileta hoja ya kutokuwa na imani naye. Dia akatumia askari wa gendarmerie kuwatoa bungeni. Jeshi likasimama upande wa Senghor. Mwaka 1963 Dia alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa Kédougou, mbali kabisa kusini-mashariki, mahali penye joto kali. Hakutoka mpaka mwaka 1974. Makosa ya Dia siku ile yapo na hatuyafichi. Ila mtu aliyeandika mashairi mazuri kupita yote juu ya kifungo, akamfunga rafiki yake kwa zaidi ya miaka 11! Hapo tunashindwa kumwelewa mshairi, na hatujakutana bado na maelezo yaliyoturidhisha.

Si hilo tu. Machi 1967 kijana aitwaye Moustapha Lô alimwelekezea Rais bastola mbele ya msikiti siku ya Iddi, nayo haikulia. Juni mwaka huo alinyongewa hukumu yake kwa risasi. Senghor alikuwa na uwezo wa kumsamehe, hakumsamehe. Mei 1973 kijana mwingine, msomi wa falsafa Omar Blondin Diop, alikutwa amekufa katika jela ya kisiwa cha Gorée. Serikali ilisema amejinyonga. Jamaa zake hawakukubali, na hadi leo hawajakubali.

Na lipo lile jambo la herufi moja, ambalo wengine hulicheka. Ousmane Sembène, mtunzi wa riwaya na sinema, ambaye naye alikuwa askari wa Kiafrika katika vita vile, alitengeneza sinema yake iitwayo Ceddo. Serikali ya Senghor ikaizuia mwaka 1977, kwa hoja kwamba kwa mujibu wa amri ya uandishi wa lugha za taifa neno hilo laandikwa kwa d moja. Sembène akakataa kuifuta d yake. Sisi watu wa magazeti tunajua uzito wa tahajia sanifu, tena tunaipenda. Lakini sinema ile ilihoji habari za dini na watawala, na wengi waliona kwamba d haikuwa ndiyo mgonjwa. Ndivyo maaskari wawili wa zamani walivyogombana. Sembène ndiye aliyekuja kutengeneza, pamoja na Thierno Faty Sow, sinema ya Camp de Thiaroye mwaka 1988, baada ya Senghor kuondoka. Shairi la mwaka 1944 lilikuwa la Rais mwenyewe, lakini katika miaka 20 ya utawala wake Thiaroye haikupata siku ya taifa. Siku rasmi ya kuwakumbuka askari hao iliwekwa mwaka 2004 na Rais Abdoulaye Wade.

Ni haki pia kusema aliyoyajenga. Aprili 1966 Dakar ilikuwa mwenyeji wa tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi. Duke Ellington alipiga muziki, Langston Hughes alikuwako, na mashairi, vinyago na ngoma za bara zima zilitazamwa kama kazi za mabwana wa sanaa, si kama vioja vya makumbusho. Wimbo wa taifa wa Senegal ni maneno yake. Mwaka 1976, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa za chama kimoja au za kijeshi, yeye aliruhusu vyama vitatu. Tena hakuna kikosi kilichowahi kumwondoa.

Aliondoka mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 1980 alilihutubia taifa, akamwachia Abdou Diouf kiti. Siku hizo rais wa Kiafrika alitoka Ikulu kwa njia mbili, jeneza au mtutu wa bunduki, na habari ile iliwashangaza watu kila mahali. Miaka mitano baadaye Mwalimu Nyerere naye aling’atuka. Miezi michache tu baada ya kustaafu kwa Senghor, Juni 1981, mwanawe Philippe-Maguilen aliuawa katika ajali ya gari. Mzee akatunga tenzi ya maombolezo. Wenye kuifahamu lugha yake husema ni miongoni mwa kazi zake zilizo wazi kabisa. Nasi twakubali, humo hakuna Rais wala mwalimu wa sarufi, yumo mzazi. Mwaka 1983 alichaguliwa kuingia Chuo cha Lugha cha Ufaransa, Académie française, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti humo.

Alipofariki maiti yake ilirudishwa Dakar, akazikwa tarehe 29 Desemba 2001 katika makaburi ya Bel-Air, alikolazwa mwanawe. Watu walijipanga barabarani. Marais wa Kiafrika walikuja. Rais wa Ufaransa, Jacques Chirac, hakuja. Waziri Mkuu, Lionel Jospin, hakuja. Ufaransa ilimtuma spika wa bunge na waziri mmoja. Mwandishi Erik Orsenna, mwanachama wa Académie ile ile, aliandika katika gazeti la Le Monde kwamba anaona haya. Mtu aliyepigana chini ya bendera yao, akafungwa kwa ajili yao na kuwafundishia watoto wao lugha, walishindwa kumsindikiza, ingawa ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka na safari ya saa tano na nusu kwa ndege.

Kutoka Bel-Air hadi Thiaroye si mbali. Katikati ya mwaka 2024 serikali ya Ufaransa iliwatambua rasmi askari sita wa Thiaroye, wanne wa Senegal, mmoja wa Côte d’Ivoire na mmoja wa iliyokuwa Upper Volta, kuwa walikufa kwa ajili ya Ufaransa. Novemba mwaka huo Rais Macron alimwandikia barua Rais Bassirou Diomaye Faye, akakiri kwamba yaliyotokea siku ile yalikuwa mauaji ya halaiki. Ilikuwa imepita miaka 80. Wakati huo wale wengine walikuwa hawajatajwa majina, na makaburi yao hasa yalikuwa yangali yanatafutwa.